Akwaria ya matumbawe

Akwaria ya matumbawe ni tangi la maji ya chumvi ambamo matumbawe hai hufugwa pamoja na samaki, konokono, kamba na viumbe wengine wa miamba ya bahari za joto. Inatofautiana na akwaria ya samaki pekee kwa sababu mwanga, mkondo na kemia ya maji hupangwa kwanza kwa ajili ya matumbawe. Samaki huchaguliwa baadaye, kati ya wale wasioyadhuru.

Akwaria ya namna hii inaweza kuwekwa nyumbani, lakini inahitaji uvumilivu na uangalizi kuliko ile ya samaki wa maji matamu. Sababu kuu ni wingi wa maji. Bahari ni kubwa mno, kwa hiyo joto, chumvi na kemia yake hubadilika polepole. Tangi la lita 200 linaweza kubadilika ndani ya saa chache. Sehemu kubwa ya kazi ya mtunzaji ni kuzuia mabadiliko hayo.

## Matumbawe na mahitaji yake

Tumbawe ni mnyama wa faila Cnidaria, ambayo ndiyo faila ya konyeza pia. Matumbawe mengi ni makoloni ya wanyama wadogo waitwao polipi. Kila polipi ana mdomo mmoja uliozungukwa na minyiri inayochoma. Ndani ya tishu zake huishi miani ya seli moja ya familia Symbiodiniaceae. Miani hiyo hutumia mwanga kutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo humfikia polipi. Yeye huipa miani makazi pamoja na kaboni, nitrojeni na fosfori kutoka kwenye taka za mwili wake.

Kwa ajili ya ufugaji, matumbawe hugawanywa katika makundi matatu:

* Matumbawe laini, kama Sarcophyton, Xenia na Sinularia, hayana kiunzi kigumu. Zoanthus na Discosoma kwa kawaida huwekwa katika kundi hili pia, ingawa kibiolojia si matumbawe laini halisi. Haya ndiyo yanayowafaa wanaoanza.
* Matumbawe magumu yenye polipi kubwa, kama Euphyllia, yana kiunzi cha kalsi kaboneti na huhitaji mwanga wa wastani.
* Matumbawe magumu yenye polipi ndogo, kama Acropora na Montipora, huhitaji mwanga mkali, mkondo wa nguvu na maji yasiyobadilika. Acropora hasa huwa ya kwanza kufa mambo yakiharibika.

Joto likizidi, uhusiano wa polipi na miani huvunjika. Miani hutoka, tumbawe hubaki jeupe, na hali ikiendelea kwa wiki kadhaa hufa. Baharini, nyuzi 1 au 2 juu ya joto la kawaida la msimu wa joto zinaweza kutosha kuleta madhara hayo. Mwaka 1998 joto la bahari liliua matumbawe mengi katika magharibi ya Bahari ya Hindi, pamoja na pwani za Kenya na Tanzania. Ndani ya tangi, hita moja iliyokwama ikiwa imewaka inaweza kuleta matokeo hayohayo.

## Historia

Mwaka 1846 Anna Thynne alipeleka matumbawe magumu ya pwani ya Uingereza nyumbani kwake London na kuyafuga kwa miaka kadhaa. Maji yalitiwa hewa kwa kumiminwa kwa mkono kutoka chombo kimoja hadi kingine. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua akwaria ya kwanza ya umma, na mwaka 1854 Philip Henry Gosse alichapisha kitabu kilicholieneza neno "aquarium".

Kwa zaidi ya miaka mia moja baadaye, matumbawe ya bahari za joto yalikufa upesi ndani ya matangi. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Indonesia alieleza jinsi alivyoyafuga kwa kutumia mawe yaliyotoka baharini yakiwa na viumbe wake, mwanga wa jua na viputo vya hewa. Katika miaka ya 1970 na 1980 wafugaji wa Ujerumani waliongeza taa kali na kichuja povu juu ya mawe hayo. Njia hiyo, iitwayo mbinu ya Berlin, bado ni msingi wa matangi mengi ya nyumbani.

## Vifaa

Mfano unaotumika katika sehemu zinazofuata ni tangi la lita 200. Tangi dogo zaidi ni la bei nafuu, lakini maji yake hubadilika haraka, hivyo huwa gumu kulitunza. Lita 200 za maji ya bahari zina uzito wa kilo 205 hivi. Pamoja na kioo, mawe na mchanga, tangi zima hukaribia kilo 300. Kwa hiyo meza ya kawaida haifai, na sakafu lazima iwe imara na sawa. Tangi lisiwekwe mahali panapopigwa na jua la dirishani.

Vifaa vya lazima ni hivi:

* Mawe ya kalsi kaboneti, ambayo kwa kawaida ni kilo 15 hadi 25 kwa tangi la ukubwa huu. Matundu yake ni makazi ya bakteria wanaosafisha maji.
* Pampu za mkondo. Matumbawe laini yanahitaji maji yazungushwe takriban mara 10 hadi 20 ya ujazo wa tangi kwa saa, yaani lita 2,000 hadi 4,000. Acropora huhitaji mara mbili ya hapo au zaidi. Mkondo unaobadilika ni bora kuliko ule unaopiga tumbawe upande mmoja daima.
* Taa. Siku hizi nyingi ni za LED zenye rangi ya buluu kwa wingi, kwa sababu buluu ndiyo hupenya zaidi katika maji ya bahari. Huwashwa saa 8 hadi 10 kwa siku.
* Kichuja povu. Viputo vidogo vya hewa hubeba mafuta na protini hadi kwenye kikombe cha juu kabla hazijaoza, kama povu linaloonekana ufukweni siku ya upepo.
* Kipimajoto, na hita au feni kulingana na mahali. Katika miji yenye joto, tatizo la kawaida ni maji kuzidi nyuzi 27. Feni inayopuliza juu ya maji huyapoza kwa nyuzi 2 au 3, lakini huongeza uvukizaji.
* Rifraktomita ya kupimia chumvi, na vipimo vya amonia, nitriti, nitrati, fosfati, ualkali na kalsi.

## Maji

Maji ya bomba huwa na klorini, na mara nyingi nitrati, fosfati au shaba. Shaba ni sumu kwa matumbawe, kamba na konokono hata ikiwa kidogo sana. Kwa hiyo maji hupitishwa kwanza kwenye chujio la osmosi kinyume, kisha huchanganywa na chumvi ya akwaria. Chumvi ya mezani haifai, kwa sababu ni kloridi ya natiri karibu tupu, haina kalsi, magnesi wala bikaboneti ya kutosha. Chumvi huyeyushwa katika ndoo yenye pampu kwa muda wa kutosha, na kamwe haimwagwi moja kwa moja ndani ya tangi lenye wanyama.

Wanaoishi pwani wanaweza kutumia maji ya bahari. Yanapaswa kuchotwa mbali na bandari, mabomba ya majitaka na midomo ya mito, wakati maji yamejaa, na kamwe si baada ya mvua kubwa.

Viwango vinavyolengwa kwa kawaida ni hivi:

* Joto: nyuzi za Selsiasi 24 hadi 27
* Chumvi: gramu 35 kwa kilo moja ya maji (uzito linganishi karibu 1.026)
* pH: 7.9 hadi 8.4
* Ualkali: dKH 7 hadi 11
* Kalsi: miligramu 400 hadi 450 kwa lita
* Magnesi: miligramu 1,250 hadi 1,400 kwa lita
* Nitrati: miligramu 2 hadi 10 kwa lita
* Fosfati: miligramu 0.03 hadi 0.10 kwa lita
* Amonia na nitriti: zisionekane kabisa kwenye vipimo

Matumbawe mengi huzoea kiwango chochote ndani ya mipaka hiyo, mradi kisibadilike ghafla. Ualkali wa dKH 7 uliotulia ni salama kuliko ule unaoruka kutoka 8 hadi 11 kwa siku moja.

### Uvukizaji

Maji yanapovukiza, chumvi hubaki. Tangi la lita 200 likipoteza lita 3 kwa siku bila kuongezwa maji, baada ya wiki litakuwa na lita 179, na chumvi itakuwa imepanda kutoka gramu 35 hadi 39 kwa kilo. Wanyama wengi hawavumilii kupanda huko. Kinachoongezwa kufidia uvukizaji ni maji safi yasiyo na chumvi, kila siku, au kwa kifaa kinachojiwasha chenyewe kina kikishuka. Kuongeza maji ya chumvi badala yake ni kosa la kawaida la wanaoanza.

### Kalsi na ualkali

Matumbawe magumu yanapokua huondoa kalsi na kaboneti katika maji. Kwa kila dKH 1 ya ualkali inayotumika kujenga kiunzi, kalsi hupungua kwa miligramu 7 hivi kwa lita. Katika tangi lenye matumbawe laini, kubadilisha maji kunatosha kurudisha madini hayo. Matumbawe magumu yakiwa mengi, lazima yaongezwe. Gramu 6 za bikaboneti ya natiri, ile inayotumika jikoni kuumulia keki, hupandisha ualkali wa lita 200 kwa dKH 1. Kalsi huongezwa kwa kloridi ya kalsi. Njia nyingine ni maji ya chokaa safi, ambayo hurudisha kalsi na ualkali kwa pamoja. Maji hayo huunguza na hupandisha pH, hivyo hudondoshwa polepole.

## Kukomaa kwa tangi

Tangi jipya haliwekwi wanyama siku ileile. Chakula na taka zinapooza hutoa amonia, ambayo ni sumu kali kwa samaki. Vijidudu kama bakteria wa jenasi Nitrosomonas huibadilisha kuwa nitriti, kisha wengine, kama wa jenasi Nitrospira, huibadilisha nitriti kuwa nitrati, ambayo ina madhara madogo zaidi. Ndani kabisa ya mawe na mchanga, pasipo oksijeni, bakteria wengine hubadilisha sehemu ya nitrati kuwa gesi ya nitrojeni inayotoka hewani.

Bakteria hao huchukua kwa kawaida wiki 4 hadi 6 kuongezeka vya kutosha. Katika muda huo, amonia kidogo au chakula kidogo cha samaki hutiwa ndani ya tangi tupu ili wapate riziki. Tangi liko tayari pale amonia inayotiwa inapotoweka ndani ya siku moja na nitriti nayo haionekani. Kutumia samaki hai kama jaribio humtesa mnyama bila sababu.

Baada ya hapo hufuata miezi ya mabadiliko yasiyopendeza: kwanza utando wa kahawia wa diatomu, kisha miani ya kijani, pengine na utando mwekundu wa sianobakteria. Kwa kawaida hali hii hupita yenyewe. Watunzaji wengi hupoteza tangi katika kipindi hiki kwa kumwaga dawa baada ya dawa, kila moja ikibadilisha maji upya.

## Kuchagua viumbe

Wa kwanza kuingia ni konokono wanaokula miani, kisha samaki wachache wagumu, kisha matumbawe laini. Matumbawe magumu yenye polipi ndogo husubiri miezi 6 hadi 12.

Samaki mmoja au wawili huongezwa kwa wakati, ili bakteria wapate muda wa kufuatana na ongezeko la taka. Kwa lita 200, samaki wadogo 4 hadi 6 wanatosha. Anayefugwa zaidi ni Amphiprion ocellaris, samaki wa rangi ya machungwa mwenye mistari mitatu myeupe, anayezalishwa kwa wingi katika vituo vya ufugaji.

Baadhi ya samaki wanaojulikana katika miamba ya Afrika ya Mashariki hawafai. Kitatange wengi hula polipi za matumbawe. Pono hukwangua na kumeng'enya mwamba wenyewe. Kikande wengi huuma kamba na konokono. Kangaja hula miani na hayadhuru matumbawe, lakini huogelea masafa marefu, na katika lita 200 hudhoofika na kupata maradhi ya ngozi.

Kila samaki mpya huwekwa kwanza peke yake katika tangi la karantini kwa wiki kadhaa. Ugonjwa unaohofiwa zaidi ni madoa meupe ya bahari, unaosababishwa na kimelea Cryptocaryon irritans. Dawa yake ya kawaida ina shaba, hivyo haiwezi kutumika ndani ya tangi la matumbawe. Kimelea akishaingia humo, samaki wote hutolewa na kutibiwa kwingine, na tangi hubaki bila samaki kwa zaidi ya miezi miwili ili mzunguko wake wa maisha ukatike.

## Utunzaji

Kila siku:

* kuangalia joto na kuona kama pampu zote zinafanya kazi
* kuongeza maji safi yaliyovukizwa
* kulisha kiasi kinacholiwa ndani ya dakika chache
* kuangalia kama polipi zimefunguka na samaki wote wanaonekana

Kila wiki:

* kubadilisha maji kiasi cha asilimia 10, yaani lita 20, kwa maji mapya yenye joto na chumvi ileile
* kupima chumvi, ualkali, nitrati na fosfati, na kuandika matokeo kwenye daftari
* kufuta kioo na kusafisha kikombe cha kichuja povu

Kila mwezi:

* kupima kalsi na magnesi
* kuondoa chokaa iliyoganda kwenye pampu kwa kuziloweka katika siki
* kukagua rifraktomita kwa kimiminika cha kupimia

Daftari huonyesha mwelekeo kabla dalili hazijaonekana. Ualkali unaoshuka haraka wiki hadi wiki humaanisha matumbawe yanakua. Ukiacha kushuka ghafla, mara nyingi kuna kilichoyasimamisha.

Kubadilisha maji kuna mipaka yake. Nitrati ikiwa miligramu 20 kwa lita, kubadilisha asilimia 10 huishusha hadi 18 tu. Suluhisho la kudumu ni kupunguza chakula na samaki. Hata hivyo nitrati na fosfati hazipaswi kufikia sifuri, kwani matumbawe hufifia na nafasi yake huchukuliwa na vijidudu vya kahawia vinavyonata vya kundi la dinoflajelati.

Umeme ukikatika, hatari ya kwanza ni kukosekana kwa oksijeni, maana pampu zikisimama hewa haiingii majini. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, au pampu moja ya mkondo iliyounganishwa na betri na inveta, inaweza kuokoa tangi kwa saa nyingi. Taa zinaweza kubaki zimezimwa kwa siku moja au mbili bila madhara makubwa. Wanyama hawalishwi hadi umeme urudi.

## Usalama wa mtunzaji

Baadhi ya spishi za Palythoa na Zoanthus zina palitoksini, mojawapo ya sumu kali zaidi zinazojulikana kati ya zile za viumbe hai. Watu wamelazwa hospitalini baada ya kuchemsha au kusugua mawe yenye viumbe hao na kuvuta mvuke wake. Mawe ya akwaria hayachemshwi kamwe, na matumbawe hayo hukatwa kwa glavu na miwani ya kinga, mahali penye hewa.

Kidonda mkononi kinaweza kuambukizwa bakteria Mycobacterium marinum, ambaye tiba yake huchukua miezi. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, hivyo soketi huwekwa juu ya usawa wa maji, nyaya huachwa zikining'inia chini ya soketi ili matone yasifike, na swichi ya usalama inayokata umeme unapovuja hufungwa.

## Asili ya viumbe na uhifadhi

Viumbe wengi wa akwaria bado hukusanywa baharini. Katika Asia ya Kusini-Mashariki baadhi ya wavuvi wametumia sianidi kuwalewesha samaki, njia inayoua pia matumbawe ya jirani. Matumbawe magumu, chaza wakubwa wa jenasi Tridacna na farasi-bahari wamo katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES, hivyo kuwasafirisha kati ya nchi huhitaji kibali.

Kenya huuza nje samaki hai wa miamba, wanaokusanywa na wapiga mbizi wa pwani. Miongoni mwao ni Labroides dimidiatus, ambaye baharini huishi kwa kuwasafisha samaki wengine vimelea. Katika matangi mengi hukosa chakula hicho na hufa njaa. Akiondolewa, samaki wa mwamba alikotoka hukosa huduma yake.

Mawe na matumbawe hayachukuliwi katika hifadhi za bahari, kama vile Malindi na Watamu (1968), Chumbe (1994) na Mafia (1995). Tangi halihitaji mawe ya baharini. Jiwe la matumbawe ya kale linalochimbwa nchi kavu, la aina iliyojengea nyumba za Lamu na Unguja, nalo ni kalsi kaboneti. Likisafishwa na kulowekwa vizuri hukaliwa na bakteria kama mawe mengine.

Matumbawe mengi pia huzalishwa kwa kukata vipande. Kipande cha sentimita chache hugundishwa juu ya jiwe na hukua kuwa koloni jipya. Kipande kilichotoka kwenye tangi la mtunzaji mwingine tayari kimezoea maisha hayo na hakikupunguza chochote baharini. Ujuzi huo umesaidia sayansi pia. Mwaka 2017 watafiti wa Horniman Museum, London, walitangaza kwamba waliwezesha Acropora kutaga mayai kwa wakati uliopangwa ndani ya matangi, kwa kuiga mwendo wa joto, mchana na mwezi wa baharini.

Mtunzaji anayeacha ufugaji huwagawa wanyama wake kwa watunzaji wengine. Kuwatupa baharini ni hatari, hata kwenye pwani ambako spishi hiyo inapatikana, kwa sababu wanaweza kupeleka magonjwa. Samaki simba wa jenasi Pterois, wenyeji wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, wameenea katika Karibi na magharibi ya Atlantiki, ambako hula samaki wadogo wa miamba. Inaaminika kwamba walianza kwa kuachiliwa kutoka kwenye akwaria huko Florida.

## Tazama pia

* Mwamba wa matumbawe
* Mzunguko wa nitrojeni
* CITES
* Bahari ya Hindi